Bakteria wa mtindi wakiingia kwenye damu: dhana potofu na ukweli

Unga wa probiotiki (bakteria au hamira hai wanaomezwa ili kusaidia tumbo) na kapsuli zake unanunua duka la dawa bila cheti cha daktari, na mara nyingi ndugu ndiye anayempelekea mgonjwa wodini. Nia ni njema kabisa. Lakini juu ya dawa hizi kuna imani mbili zinazovutana: wapo wanaosema hazina madhara hata chembe, na wapo waliosikia habari za maambukizi ya damu wakaanza kuuogopa hata mtindi. Wote wamekosea, ingawa kosa la kwanza ndilo linaloweza kuua.

"Ni bakteria wazuri, hawawezi kumdhuru mtu."

Uzuri wao unategemea walipo. Chukua Lactobacillus rhamnosus GG, mmoja wa wanaotumika zaidi duniani, ambaye Sherwood Gorbach na Barry Goldin walimpata Marekani miaka ya 1980 kutoka kwa mtu mwenye afya njema. Tumboni hana shida. Akipenya kwenye damu ya mtu ambaye kinga yake imeshuka, huzaliana kama bakteria mwingine yeyote na kuleta homa, hata presha kushuka vibaya.

Kwa muda mrefu ilikuwa vigumu kuthibitisha kwamba aliyeonekana kwenye damu ndiye yule wa kwenye kapsuli, kwa kuwa ndugu zake wamejaa matumboni mwetu sote. Mwaka 2019 watafiti walichapisha taarifa za watoto waliolazwa chumba cha wagonjwa mahututi katika hospitali ya watoto ya Boston. Kati ya wagonjwa 522 waliopewa probiotiki hiyo, 6 walipata Lactobacillus kwenye damu. Kati ya 21,652 ambao hawakupewa, walipata 2 tu. Wakasoma vinasaba vya bakteria waliotoka kwenye damu, wakavilinganisha na vya waliomo kwenye kapsuli: ni walewale. Mgonjwa 1 kati ya 100 si wengi, lakini tuangalie ni nani hao. Ni watoto ambao tayari walikuwa wanapigania uhai wao, na dawa yenyewe walipewa ili iwasaidie.

"Basi mtindi nao ni hatari, tuache."

Hapana. Ufini walianza kuweka bakteria huyuhuyu kwenye bidhaa za maziwa mwaka 1990, na watu wakazipenda sana. Wataalamu walifuatilia damu zilizooteshwa maabara kwa miaka 10 iliyofuata wakitafuta kama maambukizi ya Lactobacillus yangepanda. Hayakupanda. Kwetu Mwanza, tangu miaka ya 2000 vikundi vya akina mama vimekuwa vikitengeneza mtindi wenye probiotiki, na miongoni mwa wanaounywa ni watu wanaoishi na virusi vya Ukimwi. Mtu anayetembea, anayekula na kwenda kazini hana sababu ya kuogopa glasi ya mtindi au mala, ilimradi maziwa yalichemshwa na vyombo ni safi.

"Hatari inakuja mgonjwa akimeza tu."

Dhana hii inawanasa hata watu wa hospitali. Pakiti nyingine hazina bakteria bali zina Saccharomyces boulardii, ndugu wa karibu wa hamira tunayokandia maandazi, anayetolewa kwa watu wanaoharisha. Ukichana pakiti hiyo kando ya kitanda, unga wake laini husambaa hewani, hutua juu ya shuka na kushika vidoleni. Majaribio yameonyesha kuwa hubaki mkononi hata baada ya kunawa. Mkono huohuo ukigusa maungio ya mpira uliopitishwa kwenye mshipa mkubwa wa shingoni au kifuani, hamira imepata njia ya moja kwa moja ya kuingia kwenye damu. Wapo wagonjwa walioambukizwa bila kupewa dawa hiyo kabisa. Aliyepewa ni jirani wa kitanda cha pili. Ndiyo maana mamlaka za dawa za Ulaya zimekataza isitumike kwa wagonjwa mahututi, kwa wenye kinga dhaifu na kwa wenye mpira wa namna hiyo, na zikaelekeza pakiti isifunguliwe ndani ya chumba cha wagonjwa.

"Madhara yake ni maambukizi tu."

Uholanzi, wagonjwa wa uvimbe mkali wa kongosho walipewa mchanganyiko wa probiotiki kwa mpira hadi kwenye utumbo. Matokeo yalitoka mwaka 2008: waliokufa ni asilimia 16, dhidi ya asilimia 6 ya waliopewa kitu kisicho na dawa. Bakteria hawakuwa wameingia kwenye damu zao. Wagonjwa 9 wa kundi la probiotiki utumbo wao ulikosa damu ya kutosha. Kundi la pili hakuna hata mmoja.

"Kwa watoto njiti jibu ni moja."

Hapa sipendi majibu ya haraka, ya upande wowote ule. Probiotiki zinapunguza ugonjwa wa kuoza utumbo unaoua njiti wengi, na Shirika la Afya Duniani linasema zinaweza kufikiriwa kwa wanaonyonya maziwa ya mama waliozaliwa kabla ya wiki 32. Papo hapo, Oktoba 2023 mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilitoa tahadhari baada ya kifo cha njiti ambaye bakteria wa bidhaa aliyopewa hospitalini walikutwa kwenye damu yake. Uamuzi huo ni wa daktari wa watoto, na bidhaa iwe imetengenezwa kwa viwango vya dawa. Mama mzazi hapaswi kuachiwa mzigo huo dukani.

"Ikitokea, antibiotiki kali itamaliza."

Vankomaisini ni miongoni mwa dawa ambazo madaktari huanza nazo wanaposhuku maambukizi kutoka kwenye mpira wa mshipani. Lactobacillus rhamnosus kwa asili yake haisikii dawa hiyo. Penisilini na ampisilini mara nyingi ndizo zinazofaa dhidi yake. Hamira nayo haiguswi na antibiotiki yoyote. Inahitaji dawa ya fangasi, na kwa kawaida mpira hutolewa. Kuna jingine: maabara ikiona Lactobacillus kwenye chupa ya damu, ni rahisi kudhani ni uchafu ulioingia wakati wa kuchukua kipimo. Kwa hiyo mgonjwa wako akipanda homa wodini, na ulikuwa unampa kapsuli au unga wa probiotiki, mwambie nesi jina la dawa hiyo na umwonyeshe pakiti yenyewe.