Mbunge Aliyekihama Chama kwa Sababu ya Kifaransa

Novemba 15, 2018, serikali ya jimbo la Ontario, nchini Kanada, ilitangaza kuifunga ofisi huru ya Kamishna wa Huduma za Kifaransa na kufuta mpango wa chuo kikuu cha Kifaransa mjini Toronto. Eti kubana matumizi. Amanda Simard, mbunge wa chama tawala kutoka Glengarry-Prescott-Russell, ukanda wa mashariki unaopakana na Quebec, alipinga waziwazi. Kabla mwezi haujaisha alikihama chama, akabaki mbunge wa kujitegemea. Desemba 1, maelfu ya wazungumzaji wa Kifaransa wa Ontario waliandamana na bendera zao za kijani na nyeupe.

Wengi huuliza: sheria ya huduma za Kifaransa si ilibaki palepale? Ilibaki. Sheria ya mwaka 1986 inampa mwananchi haki ya kuhudumiwa kwa Kifaransa kwenye makao makuu ya wizara, na katika ofisi za serikali zilizo kwenye maeneo yaliyoteuliwa. (Halmashauri za miji hazibanwi nayo, jambo linalowashangaza hata wenyeji.) Mhudumu wa kaunta anatakiwa aanze yeye: “Hello, bonjour.” Asiposema, mteja aliyezoea kunyamaza atajikongoja kwa Kiingereza, na kwenye takwimu itaonekana hakuna anayehitaji Kifaransa. Kamishna alikuwepo kwa ajili ya kimya hicho: kupokea malalamiko, kuchunguza bila kungoja ruhusa ya waziri, kisha kuripoti bungeni. Nionavyo, Simard alikuwa ameshika penyewe.

Kumbukumbu pia ni ndefu. Mwaka 1912 Kanuni ya 17 ilibana ufundishaji kwa Kifaransa mashuleni. Mwaka 1916, akina mama wa Ottawa waliilinda Shule ya Guigues wakiwa na pini za kofia mikononi.

Waswahili nao wamo. Tangu 2009 Ontario haiangalii lugha ya mama peke yake. Mtu wa Bukavu aliyekulia Kiswahili, anayekijua Kifaransa na kukitumia nyumbani kwake Ottawa, huhesabiwa miongoni mwa wazungumzaji wa Kifaransa wa Ontario.

Chuo kilifufuliwa, kikapokea wanafunzi wa shahada mwaka 2021. Kazi za kamishna zilibaki chini ya Ombudsman, afisa anayechunguza malalamiko ya wananchi dhidi ya serikali. Simard alijiunga na chama cha Liberal Januari 2020. Uchaguzi wa 2022 ulipofika, aliangushwa na mgombea wa chama kilekile alichokihama.