Ngano ya Marquis Haikubuniwa na Seager Wheeler

Husimuliwa kwamba Seager Wheeler, mkulima wa Rosthern, Saskatchewan, ndiye aliyebuni ngano ya Marquis iliyotapakaa kwenye nyanda za Kanada. Sivyo. Mwaka 1892 Percy Saunders alipandanisha aina mbili za ngano: Red Fife, na Hard Red Calcutta kutoka India. Miaka kadhaa baadaye kaka yake Charles, mtaalamu wa serikali huko Ottawa, akachambua vizazi vya chotara huyo suke kwa suke. Alitafuna punje: zilizoacha ulimbo unaovutika mdomoni ndizo zenye unga wa kuumuka vizuri. Marquis ilikomaa takriban wiki moja kabla ya Red Fife, na mahali ambapo baridi kali huweza kuyawahi mavuno, wiki hiyo ni riziki.

Mchango wa Wheeler ni mwingine, nao kwangu haupungui hadhi hata kidogo. Mwaka 1911 Marquis yake ilishinda mashindano New York, akazawadiwa dola 1,000 za dhahabu, na wakulima wenzake wakapata ushahidi wa ubora wa ngano hiyo. Shambani alichagua masuke bora kwa mkono, akayapanda kando, kisha akachagua tena. Bila wakulima wa namna hiyo, mbegu nzuri huchafuka upesi kwa kuchanganyika na aina nyingine.