Ana sukari, au sukari imeshuka?

Juzi nilikuwa soko la samaki la Mwaloni, Kirumba, hapa Mwanza, nikisubiri kupimiwa dagaa. Mama muuzaji kijasho chembamba kikaanza kumtoka, mikono inatetemeka, chenji anaihesabu mara tatu na haimkai. Kijana wa mkokoteni akacheka kwamba mama leo amekunywa. Mwingine akasema presha imeshuka. Nilipoagiza soda, dada wa meza ya pili akanidaka mkono: "Kaka, usimpe, huyo ana sukari!"

Hii kauli nimeisikia mara nyingi mno, na leo naomba tuiseme.

Sukari kushuka ni glukosi, yaani sukari ya kwenye damu, kwenda chini ya 3.9 kwa mashine za kupimia sukari zinazosoma milimoli, au 70 kwa zinazosoma miligramu. Damu yote ya mtu mzima hubeba gramu 5 hivi tu, kijiko cha chai, na ubongo unaitegemea saa zote. Kiwango kikishuka, kongosho hupunguza insulini, homoni inayoshusha sukari, na kutoa glukagoni, homoni inayoipandisha, ili ini lifungue akiba yake. Isipotosha, tezi zilizo juu ya figo humwaga adrenalini: jasho, mtetemeko, moyo mbio, njaa ya ghafla. Ikizidi kushuka, ubongo wenyewe unalala njaa: ulimi mzito, ukali usio na sababu, macho kuona ukungu, hata degedege na kuzimia. Ndiyo maana anadhaniwa mlevi.

Tuje kwenye neno. Sukari tumeichukua kwa Waarabu, sukkar. Wao kwa Waajemi, shakar. Mzizi uko kwenye Kisanskriti, sharkara, yaani changarawe. (Sisi wa jiji la miamba tungelipenda zaidi neno hili.) Lilipofika kwenye maradhi, Kiswahili kikalivisha ki-: kisukari, likaketi pamoja na kifafa, kipindupindu na kichocho, ambacho watu wa ziwani hatuhitaji kuelezwa. Hiyo ki- si pambo. Inakwambia kinachotajwa ni ugonjwa, si kile kilicho kwenye kikombe. Mtaani tumeidondosha, tunasema "ana sukari", na sentensi imegeuka: sasa inasema mtu amejaa sukari. Jirani anayemnyima soda hana roho mbaya hata kidogo. Sarufi ndiyo iliyompoteza.

Kumbe kisukari ni mwili kushindwa kuitawala sukari. Asubuhi iko juu, mchana iko chini, na mara nyingi inashushwa na dawa yenyewe. Insulini ya sindano ikishaingia, kongosho haliwezi kuizima. Aliyejidunga saa kumi na mbili, akawahi mialo bila kunywa hata uji, ndiye wa kwanza kuanguka. Vidonge vya glibenklamidi navyo hufanya hivyohivyo, tena kwa saa nyingi. Presha ni habari nyingine kabisa: ule ni msukumo wa damu, hupimwa kwa mkanda wa mkononi, si kwa tone la kidoleni.

Na kama mashine haipo? Mpe. Nusu chupa ya soda ya kawaida haitamharibu aliyepanda, lakini kumnyima aliyeshuka kunaweza kumuua. Ziingie gramu 15 hivi za sukari, subirini dakika 15, asipopata nafuu arudie, kisha ale chakula. Aliyezimia msimmiminie kitu mdomoni. Mlazeni ubavu, mtafute gari la hospitali.

Mama alikunywa. Baada ya kama robo saa akauliza nani amehamisha kopo lake la kupimia, kwa sauti ya mtu aliyerudi kazini. Yule dada bado ananitazama kwa mashaka.

"Lakini kaka, si ana sukari?"

"Ana kisukari, dada. Sukari ndiyo aliyoikosa."