Kidhibiti cha freni za remoki: kukipandisha hadi mwisho si usalama

Mashofa wengi hapa Lubumbashi huamini kwamba ukivuta remoki yenye freni za umeme, kidhibiti (kifaa kilicho karibu na shofa kinachopanga nguvu ya freni hizo) kikipandishwa hadi mwisho ndiyo salama zaidi. Sivyo. Nguvu ikizidi, magurudumu ya remoki hujifunga na kuteleza, na remoki nzima yaweza kuyumba upande. Kwenye barabara ya Kasumbalesa, katikati ya malori, hiyo ni hatari kubwa mno.

Pakia kwanza mzigo wako halisi. Mahali tambarare, pakavu, pasipo watu, endesha kama kilomita 40 kwa saa, kisha sukuma kitufe cha mkono cha kidhibiti bila kukanyaga freni. Magurudumu yakijifunga, punguza nguvu; freni zikishika kwa ulegevu, ongeza. Nguvu inayofaa iko chini kidogo tu ya kujifunga. Mzigo ukibadilika, pima upya.