Sheikh Farsy hakuwa wa kwanza kuitafsiri Qurani kwa Kiswahili

Kila jina la Sheikh Abdullah Saleh Farsy linapotajwa, utasikia: "Ndiye wa kwanza kututafsiria Qurani." Si kweli, ingawa naelewa kwa nini watu wanaamini hivyo.

Tafsiri kamili ya kwanza ilitoka 1923, kazi ya Godfrey Dale, kasisi Mwanglikana aliyekuwa Zanzibar. Waislamu hawakuipokea, lengo lake lilikuwa kuwasaidia wamishonari. Mwaka 1953 Waahmadiyya, kundi linaloamini kuwa mwasisi wake, Mirza Ghulam Ahmad wa Qadian, India, ni nabii, wakatoa yao. Mombasa nako, Sheikh Al-Amin bin Ali Mazrui alikwishaanza kutafsiri, akafariki 1947 kabla hajamaliza.

Ya Farsy ikakamilika 1969. Yeye mwenyewe alizaliwa Zanzibar 1912, akasomesha huko miaka mingi, kisha akahamia Kenya na kuwa Kadhi Mkuu. Alifariki Oman 1982.

Sasa, tazama tanbihi zake, maana ndiko anakoonekana vizuri. Kiarabu kiko ubavuni mwa Kiswahili, na chini Sheikh anafafanua, mara anafoka. Anawajibu waliomtangulia, hasa Waahmadiyya, ambao anawaita Makadiani. Kiini cha ugomvi kiko Suratul Ahzab, aya ya 40: je, baada ya Muhammad anaweza kuja nabii mwingine? Bila tafsiri ya 1953, nusu ya makali ya tanbihi hizo huyaelewi.

Kwa hiyo ukipenda kumsifu, sema ndiye Msunni wa kwanza kuchapisha tafsiri kamili iliyoenea misikitini na majumbani. Hiyo inamtosha.