Aseniki ikikwama nusu njia

Kila mwaka nikifundisha sumu za metali huulizwa swali lilelile: mbona watu wawili wanachota kisima kimoja chenye aseniki, sumu itokayo ardhini, mmoja anatoka madoa kifuani na vinundu vigumu viganjani, mwenzake hana kitu? Kiasi walichokunywa kina uzito wake, na kurithi pia kupo. Lakini mimi huanza kuuliza wanakula nini.

Aseniki ya maji ya kisima ikifika kwenye ini hubandikwa kundi la methili (kipande kidogo cha kaboni na haidrojeni), ikawa kemikali iitwayo MMA. Ikibandikwa la pili huwa DMA, ambayo figo huitoa upesi. Ndiyo maana ukipima mkojo, mashine huchora vilele vitatu: aseniki yenyewe, MMA na DMA. Jicho langu hukimbilia MMA. Ikiwa katika hali ya valensi tatu, moja ya hali zake mbili, MMA ni kali kuliko hata aseniki iliyonywewa, kwa hiyo kazi ikiishia hapo mwili umejiongezea balaa.

Methili hizo hutoka kwa SAM, kemikali ambayo mwili huitengeneza kwa methionini, kijenzi kimoja cha protini tunazokula. Ikishatoa methili yake, folati (vitamini ya mboga za majani) na vitamini B12 husaidia kuirudisha kazini. Na aseniki si mteja wake pekee: kutengeneza kreatini, akiba ya nishati ya misuli, hula sehemu kubwa ya methili hizo. (Mla nyama huipata kreatini ikiwa tayari.)

Bangladesh ndiko jambo hili lilikopimwa vizuri. Kuanzia miaka ya 1970 vilichimbwa visima vya pampu kwa mamilioni ili watu waache maji ya madimbwi yanayoharisha. Aseniki ilikuja kugunduliwa baadaye. Mary Gamble wa Chuo Kikuu cha Columbia na wenzake waliwapa watu wazima wenye upungufu wa folati mikrogramu 400 za asidi ya foliki (folati ya kutengenezwa) kila siku kwa wiki 12, asidi ileile iliyomo kwenye vidonge vya kuongeza damu vya wajawazito. Matokeo yalichapishwa 2007: aseniki katika damu ilishuka kwa takriban asilimia 14, MMA kwa asilimia 22.

Sasa msikimbilie duka la dawa. Waliopimwa walikuwa na upungufu, na dawa ya kwanza ni kubadili kisima. Kwa mboga, angalieni chungu: mchicha ukichemshwa sana na maji yake yakamwagwa, folati nyingi imekwenda nayo. Aseniki haiondoki hivyo. Chemsha maji utakavyo, mvuke utapaa, yenyewe itabaki chunguni.