Kisukari kinavyougusa ubongo

Kisukari kikitajwa, wengi hufikiria miguu, macho na figo. Ubongo husahaulika, ilhali ndio wenye njaa kuliko viungo vyote: uzito wake ni kama asilimia 2 tu ya mwili, lakini hutumia karibu asilimia 20 ya nguvu ya mwili uliotulia. Tena hauna ghala la maana. Ini na misuli huweka akiba ya sukari. Ubongo hutegemea kile ambacho damu inauletea saa hiyohiyo.

Kwa hiyo sukari ya damu ikishuka, kama dawa za kisukari zinavyoweza kuishusha kupita kiasi, ubongo hauna pa kukimbilia. Kipimo kikiwa chini ya milimoli 3.9 kwa lita (miligramu 70 kwa desilita), sukari imeshuka. Chini ya 3.0, akili yenyewe huanza kuyumba. Kwanza mwili hutoa ishara: jasho, kutetemeka, moyo kwenda mbio. Kisha mtu anajibu ovyo, anafoka bila sababu, anapepesuka, na mara nyingi mwenyewe hajijui. Inaniuma kwamba wapo wanaodhaniwa wamelewa wakaachwa walale, kumbe wanachohitaji ni sukari. Akiwa na fahamu na anaweza kumeza, apewe gramu 15 za sukari inayoingia haraka kwenye damu, apimwe tena baada ya dakika 15, na apewe tena kama sukari bado iko chini. Akiwa amezimia asitiwe chochote mdomoni, akimbizwe hospitali.

Anayeshukwa na sukari mara kwa mara huweza kupoteza hata zile ishara za mwanzo. Huyo anaweza kutoka kwenye mazungumzo ya kawaida akaingia moja kwa moja kwenye kuchanganyikiwa au degedege.

Sukari iliyopanda huumiza kwa njia nyingine, polepole, kwa miaka. Huchakaza kuta za mishipa midogo ya damu, ile inayolisha nyuzi zinazounganisha sehemu moja ya ubongo na nyingine. Ujumbe huanza kuchelewa. Mtu bado anajua anachojua, ila anakawia kukumbuka, au anashindwa kufuatilia mambo mawili kwa pamoja. Shinikizo la juu la damu likijumlishwa na sukari hiyo, hatari ya kiharusi nayo hupanda. Kisukari cha aina ya pili huongeza uwezekano wa kupata demensia (ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri) kwa takriban mara moja na nusu. Hata hivyo, wengi wenye kisukari hawaipati, na si kila usahaulifu ni demensia: dawa ya kisukari iitwayo metformini ikitumiwa muda mrefu inaweza kupunguza vitamini B12, na upungufu huo nao huvuruga kumbukumbu. Hupimwa kwa damu na hutibika, basi inafaa kumwuliza daktari kabla ya kukata tamaa.

Linalonitia wasiwasi zaidi ni wazee wanaotumia insulini, dawa ya sindano inayoshusha sukari. Mzee akianza kusahau, anaweza kujichoma sindano mara mbili, au kujichoma halafu asile. Sukari inashuka vibaya, na kushuka kwa namna hiyo katika umri huo kumehusishwa na demensia, inayozidisha kusahau. Ndiyo sababu madaktari hulegeza lengo la sukari kwa mzee aliyeanza kupoteza kumbukumbu na kupunguza dawa zinazoishusha sana, huku mtu wa nyumbani akishika zamu ya kusimamia sindano.